Idi Niliyoisikia Peke Yangu

Umeme ukikatika Mpendae, mtaa mzima unaguna kwa pamoja, na mimi peke yangu ninafurahi. Sisemi hadharani, maana bado nataka kuazimwa sufuria kubwa siku za shughuli. Lakini ndani ya roho yangu ninafurahi, kwa sababu taa nyeupe za siku hizi, chaja za simu, mafriji na televisheni za majirani, vyote hivyo vinanguruma ndani ya redio yangu kutwa kucha. Vikizimika, hewa inatulia, na watu wa ng'ambo ya bahari wanaanza kusikika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Miaka na miaka niliwaonyesha watoto wa watu kwa fimbo wapi iko Bombay na wapi iko Maskati, nami mwenyewe sijavuka maji mapana kuliko yale ya kwenda Dar es Salaam, na hayo nayo niliyavuka nikitapika. Nilipostaafu, wenzangu walifungua maduka ya vitambaa, wengine wakafuga kuku. Mimi nilikwenda Mwanakwerekwe kwa mzee mmoja anayeuza vyombo vilivyochoka, nikanunua redio kubwa ya zamani yenye masafa ya kati. Mzee yule alikuwa mkweli. Alinionya kuwa upande huo hamna kitu tena, watu wote wameshahamia FM. Nikamwambia huko walikohama watu ndiko ninakotaka kwenda.

Masafa ya kati yana tabia moja ambayo niliisoma vitabuni nikaifundisha bila kuiamini. Mchana mawimbi yake yanatambaa hapa hapa karibu, kisha yanakufa. Jua likishatua, yanapanda juu, yanagonga hewa ya huko na kurudi chini mbali sana, hata ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo saa yangu ya kazi ni magharibi, pale India kumeshakuwa giza na kwetu ndiyo kwanza kunaingia. Nilifunga waya kutoka juu ya bati mpaka kwenye mnazi wa jirani, hatua ishirini na tano, nikaingiza ncha yake dirishani. Mwanzo watu walisema naiba umeme. Baadaye wakasema ni mambo ya kishirikina. Mwisho jirani yangu, mkunga mstaafu, akatundika shuka zake, na tangu siku hiyo waya ukahesabiwa kuwa ni kamba ya kuanikia nguo inayotumiwa vibaya na mwalimu.

Nilichokuwa nikisikia, niseme kweli, hakikuwa cha kumtoa mtu ndani kwake. Mhindi akisoma, nadhani, bei ya vitunguu. Nyimbo mbili, moja inapanda na nyingine inazama. Mwarabu akizungumza kwa hasira, au pengine kwa furaha, maana kwa kelele zile hasira na furaha hazina tofauti. Kihindi changu ni cha sinema: naweza kumwambia mtu kuwa nampenda na kuwa nitalipiza kisasi cha ndugu yangu, lakini siwezi kuulizia choo. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani: nasoma vizuri, natamka kila herufi pahala pake, na sielewi. Hili la kutoelewa sikulitangaza. Wanawake wenzangu wakija kuniuliza Waarabu wanasema nini, nilikuwa nainamisha kichwa kidogo, nasikiliza, kisha nawaambia wanasema hali ya hewa si nzuri. Ni jibu ambalo halijawahi kunitia aibu, kwani mahali popote duniani kuna mtu anayesema hivyo.

Ndugu yangu wa pekee, mdogo wangu wa kiume anayeishi Chwaka, ni mtu wa simu. Yumo katika makundi ya simu hata hajui idadi yake: kundi la ukoo, la wavuvi, la waliosoma pamoja, la wanaouza viwanja, na kundi la waliotolewa kwenye kundi la ukoo. Siku moja aliniona nimekunja uso nikitafuta stesheni ya Uarabuni kwa robo saa. Akatoa simu, akagusa mara mbili, na stesheni ile ile ikatoka safi kama iko chumba cha pili. Alidhani amenifurahisha. Nilimwambia ile si kupokea, ile ni kupelekewa, na nikamrudisha Chwaka na simu yake kabla chai haijapoa.

Nilikuwa pia nikiandika barua. Unasikia stesheni, unaandika saa, unaandika walichopiga, unawapelekea kwa posta, nao wanakujibu kukuthibitishia kuwa kweli umewasikia. Nimeandika barua nyingi. Jibu nililopata ni moja, kutoka India, bahasha kubwa yenye mihuri mingi. Ndani mlikuwa na kalenda ya mwaka uliokwisha, yenye picha ya ng'ombe mmoja kwa kila mwezi. Niliitundika ukumbini. Wageni waliniuliza kama nimeanza biashara ya maziwa.

Katika nyumba hiyo ninaishi na mama. Umri wake haujulikani sawasawa, ila yeye mwenyewe anakumbuka mambo ambayo mimi nimeyakuta vitabuni. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli. Masikio yake ni mazima kabisa, kwa bahati mbaya ya kila anayemsengenya. Simu hakuiamini hata siku moja. Alisema simu ni mdomo wa kila mtu, na mdomo wa kila mtu hauna mwenyewe. Redio kwake ilikuwa jambo jengine. Maisha yake yote mwezi wa Ramadhani haukuwa umeandama mpaka redio iseme, na Idi haikuwa Idi mpaka redio iseme. Nilipoleta ile redio nyumbani, alikuwa mtu pekee wa Mpendae ambaye hakunicheka. Alinyoosha mkono, akaipapasa kila upande, akasema nimefanya vyema kuleta mtu mkweli ndani.

Ramadhani ninayoisimulia iliingia pamoja na masika. Daktari alikuwa ameshamwambia mama asifunge kwa sababu ya presha na umri. Alimweleza kwa upole, kwa muda mrefu, na mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwombea dua apate watoto wema, akarudi nyumbani akafunga. Kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe. Mama alisema hajawahi kuwa kobe tangu alipobaleghe, na zile siku ambazo mwanamke hupewa ruhusa alizilipa zote, moja moja, bila kukosa. Hakuona sababu ya kuanza ukobe uzeeni.

Mfungo wa kumi haukuwa na neno. Wa ishirini akaanza kushika ukuta anapoinuka kwenye msala baada ya kusali. Wa ishirini na nane nilisikia kopo likianguka uani, nikatoka mbio, nikamkuta amekaa chini kwenye saruji, kopo limepinduka, maji ya udhu yamemzunguka. Aliniambia anapumzika. Nilimwinua, na alikuwa mwepesi mno, nikaogopa. Nilimsihi afungue. Akaniambia zimebaki siku moja au mbili, na mtu hashuki chomboni wakati nchi kavu inaonekana.

Moja au mbili. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu siku ya ishirini na tisa. Mwezi ukiandama jioni hiyo, mama amemaliza na amebaki hai. Usipoandama, ana siku nyengine nzima ya kukaa bila ya maji, na mimi nina siku nzima ya kumtazama akishika kuta.

Jioni hiyo mvua ilishuka tangu alasiri. Umeme ulikatika kabla hatujafuturu. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, na hata ingekuwa nayo, mtandao ulikuwa umekwenda na upepo. Wingu lilikuwa zito hata mtu asingeuona mwezi wa siku kumi na nne, sembuse mwandamo. Tulifuturu kwa mshumaa. Mama alikunywa uji nusu kikombe, akauliza kama mwezi umeandama. Nilimjibu nakwenda kusikiliza.

Nilitia mawe mapya kwenye redio, manne, yale makubwa ya tochi. Nilianza na stesheni ya nyumbani, kama mtu mwenye akili. Walikuwa wanasema tusubiri, taarifa bado zinakusanywa kutoka sehemu mbalimbali. Nikasubiri. Wakapiga kasida. Wakasema tena tusubiri. Mimi sina subira ya namna hiyo, na jioni ile sikuwa na subira ya namna yoyote. Mtaa mzima ulikuwa kiza, hakuna chaja inayonguruma, hakuna friji, hewa ilikuwa safi isipokuwa pale radi inapopasuka. Nikauhamisha mshale kwenye masafa ya kati.

Nilizipata takbira za Idi upande wa Uarabuni. Ziliingia zikiwa mbali, zikapanda, zikajaa chumba: sauti za wanaume wengi, Allahu akbar, Allahu akbar, walillahil hamd. Radi ikapasua, zikapotea. Zikarudi. Kisha akaja mwanamume mmoja mwenye bashasha nyingi, akasema maneno ambayo kati yake nililishika la Idi, na baada yake nikalishika la mubarak, halafu sauti yake ikazama taratibu kama zinavyozama sauti zote za masafa ya kati, na pahala pake pakabaki mvumo mtupu. Sikuhitaji zaidi. Niliizima redio kuhifadhi mawe. Nilikuwa nalia.

Nilimwambia mama kuwa Idi ni kesho, redio imesema. Aliniuliza ipi. Nikamwambia ya Uarabuni, kwao hasa. Alinyanyua mikono yake yote miwili, akashukuru, akaomba saumu yake ipokelewe. Nilitoka nje chini ya mvua, nikamwita jirani yangu ukutani, nikampa habari. Aliniuliza nani mwengine amesikia. Nikamwambia mimi nimesikia, inatosha. Akajibu yeye anangoja tangazo. Niliingia ndani nikimwonea huruma, nikijua kuwa elimu haimfikii kila mtu. Usiku huo sikuamka kupika daku. Nililala usingizi wa mtu aliyeokoa roho.

Asubuhi ile sasa naikumbuka kwa kuhesabu vitu ambavyo havikuwepo. Hapakuwa na takbira misikitini; nikasema umeme haujarudi, vipaza sauti vimekufa. Hapakuwa na watoto barabarani na nguo mpya. Nikasema ni matope. Jikoni kwa jirani hakukutoka moshi wala harufu; nikasema huyo ana kiburi, hataki kukubali kuwa ameambiwa mapema. Alipita mwanamume mmoja na baiskeli, amevaa nguo zake za kazi, amefunga jembe nyuma. Nikasema watu wengine hawana dini. Kila kitu Mpendae kilikuwa kinaniambia ukweli kwa sauti kubwa, na mimi nilikuwa na jibu la kila kimoja.

Mama alioga. Nilimvisha kanga mpya, doti niliyomnunulia tangu Shaaban. Alikunywa chai ya maziwa, vikombe viwili, akala vileja vitatu na kipande cha mkate wa kumimina, na rangi ikamrudia usoni. Nilimtazama akitafuna na nikaona nimefanya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya darasani. Kisha akataka kukaa barazani, mlangoni, pale anapokaa kila Idi. Watoto wa mtaa huja kumpa mkono wa Idi, naye huwapa sikukuu, sarafu moja kila mtoto. Sarafu hizo huzikusanya mwaka mzima na kuzifunga kwenye pindo la kanga. Alikaa akiwa na fundo lake mkononi, akatega sikio barabarani.

Saa mbili hakuja mtu. Saa mbili na nusu hakuja mtu. Mtoto mmoja alipita akikimbia, mama akamwita, naye hakusimama. Nilikuwa namwangalia kutoka ukumbini. Alilifungua fundo, akazihesabu sarafu kwa vidole, akalifunga tena.

Mdogo wangu alifika kutoka Chwaka kama saa tatu, na samaki wawili ndani ya kikapu cha ukili. Alikuwa amenipigia simu tangu jana hanipati, akaja kutazama kulikoni. Mama aliijua hatua yake kabla hajafika mlangoni. Alimpa mkono, akamwambia Idi mubarak, na akampa sarafu, yeye mtu mzima wa miaka hamsini na tano mwenye midomo mikavu ya saumu. Aliipokea. Alinitazama juu ya kichwa cha mama, akatazama kikombe cha chai chini ya kiti, akanitazama tena. Nilimwashiria tuingie jikoni.

"Dada," aliniambia polepole, "leo thalathini."

Nilimjibu kuwa nimesikia kwa masikio yangu. Akatoa simu. Kila kundi lilikuwa linasema neno moja, ambalo kwa makundi yake lilikuwa ni jambo la ajabu lenyewe: mwezi haujaonekana, si hapa wala ng'ambo, hata wenyewe Waarabu wamefunga. Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Na mimi nilikuwa nimekula, vileja vitano.

Mdogo wangu ni mpole, na upole wake unakuja na mipango. Alisema tumwache tu. Ameshakula, hakujua, hana dhambi, na mwili wake ulikihitaji chakula kile. Kesho misikiti itakapopiga takbira, tutamwambia kuwa ni Idi pili. Hatoki nje, macho hayaoni, nani atamwambia? Nilimsikiliza na nikaona aibu kwa namna mpango ule ulivyokuwa mzuri. Ungefanya kazi. Nilikuwa tayari. Nilikuwa hata nimeshaanza kufikiria nitampikia nini mchana.

Ndipo mama akaniita kutoka barazani. Nikaitika naam, nikaenda.

"Mwanangu," alisema, "mbona hawaji? Watu wamenisahau."

Alisema bila ya malalamiko, kama mtu anayeuliza saa. Mkono ulikuwa juu ya fundo. Nikafahamu kuwa nimemnyima njaa ya siku moja nikampa jambo baya zaidi, na kuwa hili hataweza kulilipa siku yoyote. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia. Nilimwambia yote: takbira, radi, sauti iliyozama, stesheni ya nyumbani niliyoihama, jirani aliyesema anangoja. Nikamwambia leo ni thalathini na nimemlisha mchana.

"Kwa hivyo hawajaja kwa kuwa wamefunga," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi ndefu, na mabega yakashuka. "Nlidhani wamenisahau."

Nilidhani yameishia hapo. Aliomba maji ya kusukutua, akasukutua mara tatu, akatema nje ya baraza. Kisha akanigeukia na macho yake yasiyoona, na nikarudi kuwa mtoto wa miaka saba.

"Umenifanya kobe," alisema. "Ulikuwa na haraka ya nini?"

Nilijibu kuwa niliogopa. Nikamwambia ile juzi, nilipomkuta amekaa kwenye maji pale uani, niliona namkosa. Nilitaka mfungo umalizike. Nilitaka sana, na nikasikia nilichokitaka. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha samaki, hajui akitue wapi.

"Basi ukaenda kuniombea ruhusa Uarabuni," mama alisema, na akataka arudishwe ndani. Siku hiyo hakula tena wala hakunywa mpaka magharibi. Mwalimu wa chuo angemwambia hivyo hivyo, lakini hakuna aliyehitaji kumwambia. Na mimi nilijizuia naye, nikiwa nimeshiba vileja, jambo ambalo ni adhabu ndogo na ya kuchekesha.

Jioni ile mwezi ulitangazwa na kila mtu: redio, simu, misikiti, na jirani yangu, aliyekuja ukutani kunipa habari kwa adabu kubwa ambayo sitaisahau. Umeme ulikuwa umerudi. Baada ya kufuturu nilirudi kwenye redio, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo sikulifahamu. Takbira nilizisikia. Sikuota. Niliurudisha mshale pale pale, nikangoja, na juu ya ngurumo za friji zote za Mpendae zikaja tena, sauti zile zile, walillahil hamd. Akaja mwanamume yule mwenye bashasha. Jioni hii hapakuwa na radi, na sauti yake haikuzama. Akasema Idi, akasema mubarak, kisha ukaingia muziki wa haraka haraka, naye akaanza kutaja namba na riali, namba na riali, na katikati akalitaja mara nne neno la zulia, ambalo hata Kiarabu cha chuoni kinalijua. Lilikuwa tangazo la duka. Nililisikia mara tatu ndani ya saa moja. Nilikuwa nimemlisha mama yangu mchana wa Ramadhani kwa amri ya muuza mazulia.

Nilimweleza mdogo wangu, nikidhani heshima inanitaka niseme kweli. Alicheka mpaka uji ukampanda puani. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ndiye niliyesikiliza, na yeye ndiye mwenye redio, ningelitia habari hiyo kwenye makundi yake yote.

Idi ilipofika, Idi ya watu wote, watoto walikuja. Walijaa barazani na viatu vipya vinavyowabana, wakampa mama mkono mmoja mmoja, na fundo likaisha kabla ya adhuhuri, ikabidi nimtilie sarafu zangu kwa siri. Kila mtoto alipewa na hadithi pamoja na sarafu. Mama alimsimulia kila aliyekuja, mkubwa kwa mdogo, jinsi bintiye mwalimu alivyopokea Idi ya peke yake kutoka ng'ambo. Alisimulia vizuri. Alikuwa anasimama pale kwenye radi, anangoja kidogo, halafu anaendelea.

Siku ya pili ya Idi akafunga. Alitaka kulilipa deni lake kabla halijalala. Nilimkumbusha daktari, nikamkumbusha kopo, nikamwambia mwaka una siku nyingi na nyengine zina baridi. Alinijibu kuwa siku za mwaka nimeshaonyesha kuwa sizijui. Nikafunga naye, maana na langu lilikuwapo. Basi Mpendae nzima inakula, nyumba zinanukia pilau na mafuta ya kukaangia, na sisi wawili tumekaa ukumbini na tasbihi. Wageni walikuja na sahani. Jirani alileta haluwa, nikamwambia tumefunga. Aliuliza Idi pili mnafunga nini, na mama, kutoka kitini, akaanza tena tangu mvua.

Alasiri alichoka. Aliacha kusimulia. Nilimlaza kwenye kitanda cha ukumbini, nikakaa chini karibu na kichwa chake, nikawa namtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Midomo ilikuwa imepauka. Nilishika kikombe cha maji mkononi kwa zaidi ya saa moja, nikikiweka chini na kukichukua tena, na kila mara nilipotaka kusema neno yeye alitikisa kichwa kabla sijalisema. Sikugusa redio. Nilisikiliza pumzi zake tu, na kila ilipochelewa moja nilihisi nakufa mimi. Adhana ya magharibi ilipoanza nilimwinua, nikamtilia tende mdomoni, nikamnywesha maji kidogo kidogo. Alitafuna taratibu. Alimeza. Akakaa sawa, akafuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Mwanangu," alisema.

"Naam, mama."

"Siku nikifa, usitangaze wewe. Mngojee mdogo wako aje anitazame kwanza."

Nilicheka. Alitaka nicheke, nami nilicheka kwa sauti, na katikati ya kicheko nikajikuta nimeushika mkono wake na siwezi kuuachia. Hakuuvuta. Alingoja mpaka nilipotulia, kisha akaniambia nimpe uji, unapoa.